Msimbo mmoja wa kisukari si mgonjwa mmoja

Wengi hudhani kila msimbo wa kisukari (herufi na namba zinazowakilisha ugonjwa) kwenye rekodi za malipo ya matibabu ni mgonjwa. Sivyo. Daktari akiagiza kipimo ili kuondoa shaka tu, msimbo wa E11, yaani kisukari cha aina ya 2, unaweza kuandikwa, na ukabaki hata majibu yakionyesha mtu ni mzima. Ndiyo maana mfumo wa Kanada wa kufuatilia magonjwa sugu hudai rekodi moja ya kulazwa yenye msimbo huo, au mbili za kuonwa na daktari ndani ya miaka 2, ndipo umhesabu mtu kuwa mgonjwa. Rekodi za siku 120 kabla ya kujifungua na 180 baada yake huondolewa, maana kisukari cha mimba kingevimbisha hesabu. Kinachotusumbua zaidi ni wagonjwa wasiokanyaga hospitali: hakuna kanuni inayowanasa.