Fonti Haisomi Faili: Ukiona ÖÐ¹ú, Tatizo Liko Kwingine

"Nimeshusha fonti ya Kichina, nimeiweka kwenye Windows, nimeichagua kwenye Word, mbona bado naona ÖÐ¹ú?" Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na kila mara anajitokeza wa kujibu: jaribu fonti nyingine. Hapana. Weka fonti mia, utaiona ÖÐ¹ú ileile kwa maumbo mia.

Fonti ni picha za herufi. Kinachoamua ichorwe herufi ipi ni jedwali la herufi, yaani mpango unaosema namba hii ni herufi hii. Programu nyingi za Kiingereza za miaka ya 1990 zilihesabu baiti moja (kipande cha data chenye namba 0 hadi 255) kuwa herufi moja, kwa jedwali namba 1252 la Windows. Faili la Kichina la wakati huo lilitumia baiti mbili kwa herufi moja. Neno 中国 (China) kwa GB, jedwali la China bara, ni D6 D0 B9 FA, kila baiti ikiandikwa kwa alama mbili. Zisome moja moja kwa 1252: D6 ni Ö, D0 ni Ð, B9 ni ¹, FA ni ú. Baiti zote nne zipo na ni nzima. Zimesomwa kwa jedwali lisilo lake, basi.

Kabla ya kushusha chochote, tazama skrini inakuonyesha nini. Vijisanduku vitupu: hapo kweli ni fonti. Programu inaijua herufi ila haina picha yake. Weka fonti na umemaliza. Herufi za Kizungu zenye vialama juu: ni jedwali. Alama za kuuliza mfululizo, ??????: simama. Mara nyingi maana yake programu imegeuza maandishi kutoka Unicode (jedwali moja la lugha zote) kwenda 1252, haikupata pa kuyaweka, ikaandika 3F, yaani alama ya kuuliza, mahali pa kila herufi. Kama faili limehifadhiwa hivyo, maandishi hayapo tena. Mwombe aliyekutumia alitume upya. Lakini pengine ni skrini tu inayoshindwa. Fungua nakala kwa programu ya kuonyesha baiti. Ukikuta 3F 3F 3F, yamekwenda. Ukikuta namba zinazobadilika, bado yapo.

Ndiyo maana nasisitiza: fanya kazi kwenye nakala, na usibonyeze Save wakati skrini imejaa vialama. Jedwali 1252 lina mapengo matano: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Katika Shift-JIS, jedwali la Kijapani, 81 ndiyo inayoanzisha alama za uakifishaji: 。 ni 81 42, na 、 ni 81 41. Programu ikiitupa 81 wakati wa kuhifadhi, zinabaki B na A zikielea kati ya maneno. Na Word ikijisahihishia yenyewe è kuwa È mwanzoni mwa sentensi, kwenye faili la GB umeshabadilisha herufi moja ya Kichina kuwa nyingine bila kujua.

Sasa, jedwali gani? Macho yanatosha kuliko watu wanavyodhani. Mikataba na vitabu vya mashine kutoka China bara hujaa µÄ, kwa kuwa 的, neno linalorudiwa kuliko yote, ni B5 C4 katika GB. Faili la Taiwan au Hong Kong kwa Big5, jedwali la huko, litakuonyesha ªº kwa neno hilohilo, na ¤ nyingi: 中文 inatoka ¤¤¤å. Kijapani hujitambulisha kwa ‚ na ƒ kila baada ya herufi moja, kwa sababu hiragana nyingi huanza na 82 na katakana na 83, na hizo ni aina mbili za herufi za Kijapani; です ni ‚Å‚·, na 日本語 ni “ú–{Œê. Kikorea tazama mwisho wa sentensi: ukiona ´Ù. mara kwa mara, hiyo ni 다, B4 D9. Jifunze vitambulisho hivyo na hutahitaji tena kumuuliza mtu.

Kuna mahali njia hii hukwama, na mimi siwezi kukuficha: maandishi mafupi. Jina la mtu la herufi tatu ni baiti sita, na baiti hizo sita zinaweza kuwa halali kwa GB na kwa Kikorea pia, kila moja na maana yake. Programu inayodai kutambua jedwali yenyewe inabahatisha kama wewe. Hapo uliza faili limetoka wapi.

Ukishajua jedwali, kama faili ni maandishi matupu (.txt), kazi ni mstari mmoja kwenye terminali, kwa iconv, programu ya kugeuza jedwali. Mfano huu unatoa Kijapani kwenda UTF-8, namna ya kuandika Unicode:

iconv -f CP932 -t UTF-8 zamani.txt > mpya.txt

Hapa ndipo panaponikera kuliko pote. Watu huandika SHIFT_JIS, iconv inasimama katikati na kosa, wanahitimisha kwamba faili ni bovu. Si bovu. Windows ya Kijapani haikutumia Shift-JIS ya kwenye kiwango. Ilitumia jedwali namba 932, ndilo CP932, lenye nyongeza zake. Alama ㈱, inayoandikwa kwenye majina ya kampuni za Kijapani, ni 87 8A, na kwenye SHIFT_JIS ya kawaida haimo. Wala ① haimo. Kwa hiyo ankara ya gari kutoka Japani inaweza kukwama kwenye jina la muuzaji, mstari wa kwanza kabisa. Andika CP932.

Kichina ni vilevile. GB2312 ya mwaka 1980 ina herufi za Kichina 6,763, na watu wanaichagua kwa sababu jina lake ndilo wanalolifahamu. Herufi 镕 haimo humo, na ndiyo iliyo katikati ya jina la Zhu Rongji, waziri mkuu wa China kuanzia 1998 hadi 2003. Andika GB18030 daima, jedwali pana zaidi la China. Inasoma kila kilichomo GB2312 na GBK iliyoipanua, hupotezi kitu. Kikorea usiandike EUC-KR, andika CP949: ya kwanza ina silabi 2,350, ya pili inafikisha 11,172, ambazo ndizo silabi zote za Kikorea cha leo.

Kama unalazimika kutumia programu yenyewe ya zamani, badilisha jedwali la mfumo mzima. Windows XP: Control Panel, Regional and Language Options, kichupo cha Languages, weka tiki kwenye lugha za Asia Mashariki. Itaomba takriban MB 230 na huenda ikadai CD ya Windows. Kisha kichupo cha Advanced, chagua lugha ya programu zisizo za Unicode, washa upya. Kwenye Windows 10 mpangilio huo uko kichupo cha Administrative. Hakikisha tiki ya UTF-8 iliyo hapohapo imeondolewa, la sivyo uchaguzi wako hautafanya kazi. Mfumo hubeba jedwali moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo Kijapani na Kikorea havikai pamoja. Na alama \ kwenye njia za mafaili inaweza kuonekana ¥, usishtuke.

Hata ukishaona maandishi sawasawa, usiyahariri humo. Programu isiyojua baiti mbili, ukibonyeza Backspace mara moja, inafuta nusu ya herufi. Nusu iliyobaki inajiunga na nusu ya jirani, na mstari wote unageuka maneno mengine. Shift-JIS ina mtego wa ziada: baiti ya pili inaweza kuwa 5C, ambayo kwa Kiingereza ni \. Herufi 表, yaani jedwali, ni 95 5C. Programu inayoichukulia \ kuwa amri inaila nusu hiyo.

Haki ya imani ya fonti niitoe. Zipo programu za zamani zilizochagua jedwali kwa kuangalia fonti, na hapo kubadilisha fonti kulisaidia kweli. RTF, aina ya faili la maandishi yenye mapambo, bado inabeba masalia hayo. Fungua faili la RTF kwa Notepad. Ukikuta maandishi kama \'d6\'d0 yanatumia fonti yenye \fcharset0, badilisha 0 iwe 134 kwa Kichina cha bara, 136 kwa Big5, 128 kwa Kijapani, 129 kwa Kikorea. Hifadhi kama RTF, lifungue tena, maandishi yamerudi. Kilichotibu ni ile namba.

Mwisho, hakikisha unachofungua ndicho unachodhani. Faili la .wps linaweza kuwa la Microsoft Works au la WPS ya Kingsoft ya China, na hizo hazina undugu. Word kuanzia toleo la 97 huhifadhi Kichina kwa Unicode, kwa hiyo faili la namna hiyo likikuonyesha vijisanduku, hapo fonti ni jibu halali. Na .hwp, faili la programu ya Kikorea ya kuandikia, si Word kabisa. Tazama baiti za mwanzo. Likianza na maneno HWP Document File V3.00, LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, hulifungua. Likianza na D0 CF 11 E0 ni toleo la 5: lifungue kwa 7-Zip, programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa, utakuta ndani PrvText, ambayo ni UTF-16 (namna nyingine ya kuandika Unicode) na ina mwanzo wa waraka. Mwili wenyewe uko BodyText, na kwa kawaida umebanwa. Tazama kwanza FileHeader, ukihesabu baiti ya mwanzo kuwa 0: baiti ya 36 ikiwa 01, umebanwa tu na unaweza kufunguliwa, ikiwa 03, una nywila juu yake, mwombe mwenye faili.