Hapana, Shangazi, hatupungi pepo

Kila Julai ni yaleyale. Naweka video ya Obon, sikukuu ya Kibuddha ya Kijapani ya kuwakumbuka marehemu, kwenye hekalu letu hapa California, nimevaa happi, koti fupi la sherehe, jasho linanichuruzika mbele ya odaiko, ile ngoma kubwa, na kabla sijafika nyumbani simu imeshajaa. Safari hii ni shangazi yangu wa Tanga: "Mwanangu, yamekufika yapi hata uwapigie mizimu ngoma?" Mwaka jana alikuwa binamu. Mwaka juzi alikuwa Mmarekani aliyekuja kununua kuku wa teriyaki, akaniuliza mizimu inafika saa ngapi. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Ngoma kwanza. Watu hudhani wanasikia kitu cha miaka elfu mbili. Ngoma yenyewe ni ya kale, sibishi. Lakini kundi zima kupiga pamoja, ngoma ndogo iitwayo shime ikishika mwendo kama chapuo na odaiko ikinguruma kama vumi, ni mtindo wa mwaka 1951, na aliyeuanzisha, Daihachi Oguchi, alikuwa mpiga dramu wa jazi. Seiichi Tanaka alifungua dojo yake, shule ya ngoma hizi, San Francisco mwaka 1968. Mwaka uliofuata likazaliwa kundi la Kinnara katika hekalu la Senshin, Los Angeles. Ngoma za gogo zima kutoka Japani zilikuwa ghali mno, kwa hiyo wakawamba ngozi ya ng'ombe kwenye mapipa ya mvinyo. Hata ngoma yangu ya nagado ni pipa la mvinyo, na siku za joto naapa harufu bado imo. Hilo, Shangazi, ungenigombeza ningekuelewa.

Na wale wanaozunguka yagura, jukwaa la katikati ya uwanja, wakirusha mikono? Hiyo ni Tanko Bushi, wimbo wa wachimba makaa ya mawe wa Fukuoka. Chimba, chimba. Tupa begani, tupa begani. Kinga uso utazame mwezi. Sukuma toroli. Mzimu gani huo unaoitwa kwa toroli?

Linaloniudhi hasa ni la marehemu, kwa kuwa lina nusu ya ukweli. Familia nyingi Japani huwapokea wafu wao siku za Obon. Huwasha moto mlangoni. Hutia tango miguu ya vijiti liwe farasi, marehemu aje mbio, na biringanya liwe ng'ombe, arudi polepole. Vizuri sana. Sisi lakini ni wa madhehebu ya Kibuddha ya Jodo Shinshu, na kwa mafundisho yetu aliyefariki ameshapokelewa katika Nchi Safi ya Buddha Amida. Hana njaa, hajapotea njia, hangoji tango la mtu. Siku hii tunaiita Kangi-e, mkusanyiko wa furaha.

Kisa chenyewe cha asili ya Obon watu hukisimulia nusu. Mokuren, mwanafunzi wa Buddha, alimwona marehemu mama yake kwenye mizimu yenye njaa, akampa chakula, kikageuka moto mdomoni. Buddha akamwambia awalishe watawa waliomaliza mafungo ya masika. Watawa! Sahani ilikwenda kwa walio hai. Mama akafunguliwa, mwana akacheza kwa furaha.

Usiseme basi ni kama hitima. Kwenye hitima unamwombea marehemu na kumpelekea thawabu. Shinran, aliyeanzisha madhehebu haya na kufariki mwaka 1263, amenukuliwa akisema hajawahi kutaja nembutsu, yaani jina la Amida, hata mara moja kwa ajili ya wazazi wake. Hata kuombea hatuombei, seuze kuita!

Kuna mawili yananisumbua. Wapo wataalamu wanaoshuku kwamba sutra ya Mokuren, andiko lenye kisa hicho, ilitungwa China, wala haikutoka India. Hilo nalala nalo vizuri tu. La pili ni hatsubon, Obon ya kwanza baada ya msiba, majina ya waliofariki yanaposomwa mbele ya madhabahu. Kasisi husisitiza kwamba tunakumbuka, hatupokei wageni. Mwaka jana nilikuwa juu ya yagura, Tanko Bushi inalia. Bibi mmoja mjane alikuwa akicheza huku ameacha nafasi ya mtu mmoja mbele yake. Mduara ulikuwa umebanana, watu wanakanyagana, yeye haisogelei ile nafasi. Akichimba, akitupa begani, akisukuma toroli, nafasi inakwenda naye. Kasisi alikuwa hatua tatu nyuma yake, anaona kama ninavyoona mimi. Hakumwambia asogee.