Mkono Ulionyooshwa Mara Mbili: Frankenstein na Kiumbe Wake

Ukiulizwa Victor Frankenstein, mwanasayansi kijana katika riwaya ya Mary Shelley iitwayo Frankenstein, anafanana vipi na kiumbe aliyemuunda, usiishie kusema kwamba wote wawili ni wapweke. Ni kweli, ila upweke umetapakaa riwaya nzima. Hata Walton, kiongozi wa msafara wa Ncha ya Kaskazini, anamwandikia dada yake akilalamika kwamba hana rafiki. Mfanano wenye uzito Mary Shelley aliufuma ndani ya matukio, na huuoni mpaka uweke ubavu kwa ubavu kurasa zilizo mbali sana.

Anza na usiku wa Novemba ambao kiumbe anapata uhai kule Ingolstadt, mji wa Ujerumani anakosoma Victor: sura ya 5 katika toleo la 1831, au juzuu ya kwanza, sura ya 4, ukisoma lile la 1818. Victor ameota anambusu Elizabeth, atakayekuja kuwa mkewe, naye anamgeukia kuwa maiti ya mama yake. Anazinduka kwa hofu. Mbalamwezi imepenya dirishani, kiumbe ameinua pazia la kitanda na kumkazia macho. Midomo inacheza, sauti haieleweki, mkono mmoja ameunyoosha. Victor anakimbia, kisha anasema hata maiti iliyokaushwa ya Misri ikifufuka haiwezi kutisha kiasi hicho.

Sasa ruka hadi kurasa za mwisho, chumbani katika meli ya Walton, iliyomwokoa Victor barafuni. Victor amelala ndani ya jeneza. Kiumbe ameinama juu yake, nywele ndefu zimemfunika uso, na mkono mmoja mkubwa ameunyoosha. Walton anautazama: rangi na ngozi yake ni kama ya maiti iliyokaushwa. Tukio ni lilelile, ila kitanda kimekuwa jeneza, na huyu aliyeungwa kwa viungo vya wafu ndiye anayelia na kumwomba msamaha muundaji wake. Safari hii hakuna wa kukimbia.

Dirisha nalo lina kazi yake. Katika kisiwa cha Orkney, kaskazini mwa Uskoti, Victor anamchana vipandevipande mwenzi wa kike aliyekuwa akimtengenezea kiumbe, baada ya kumwona kiumbe huyo dirishani katika mwanga wa mwezi, akikenua meno. Usiku wa harusi ya Victor, kiumbe anamnyonga Elizabeth, Victor anainua macho, na mwezi uleule unamulika kicheko kilekile dirishani. Kila mmoja amemnyima mwenzake mke. Hapo ndipo inapokuwa vigumu kwangu kukubali usomaji unaomweka Victor upande wa wahasiriwa tu.

Moto na vitabu nitavigusa kwa ufupi. Victor kijana anaduwaa kuona radi ikiuteketeza mwaloni karibu na nyumba yao. Kiumbe anafurahia moto ulioachwa na ombaomba msituni, anatia mkono kwenye makaa, anapiga yowe. Mmoja aliokota kitabu cha Agrippa, mwandishi wa kale wa elimu ya uchawi, katika nyumba ya wageni, mwingine aliokota begi la vitabu porini, na hakuna aliyepata mtu wa kumweleza alichosoma.

Linalowaangusha wasomaji wengi ni sauti. Kwanza, ondoa kichwani filamu ya 1931: kiumbe wa filamu hiyo hajui kusema, wa riwaya ana ufasaha wa wakili. Pili, kumbuka usimulizi ulivyopangwa. Kiumbe anamsimulia Victor katika kibanda cha mlimani karibu na Mer de Glace, mto wa barafu wa milima ya Alps, Victor anamsimulia Walton, Walton anaandika, na Victor anayapitia maandishi hayo na kuyasahihisha. Kwa hiyo kiumbe anaposema alistahili kuwa Adamu ila amekuwa malaika aliyeanguka, na baadaye Victor mwenyewe akajifananisha na malaika mkuu aliyefungwa minyororo jehanamu, unaweza kushuku kwamba mfano wote ni wa Victor, ameutia katika kinywa cha kiumbe.

Pa kuipimia shaka hiyo ni palepale penye jeneza. Victor amekwisha kufa, hasahihishi tena. Kiumbe anazungumza na Walton ana kwa ana. Anarudia mfano huohuo wa malaika aliyeanguka, halafu anaongeza kwamba hata adui huyo wa Mungu na wanadamu alikuwa na wenzake katika ukiwa wake. Yeye hana yeyote.