Sindano ya kipimo haiamshi kansa ya koo

Katika vikundi vya simu vya Goma, ujumbe huu hauchoki kuzunguka: uvimbe wa mdomo au koo ukichomwa sindano, kansa inaamka na kutawanyika. Sivyo.

Sindano yenyewe ni nyembamba, milimita 0,5 hadi 0,7 hivi. Soma pakiti: ya kitako cha buluu imeandikwa 0,6; ya kijani, ambayo wengi tumeshachomwa dawa nayo, ni 0,8. Daktari anashika uvimbe kwa vidole, anaingiza sindano, anaisogeza mbele na nyuma mara chache, kisha seli zinapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Seli kutawanyika kwa njia hiyo ni nadra mno. Shida ya kawaida ni sindano kuleta damu tupu. Hapo kipimo kinarudiwa. (Kidonda cha mdomoni mara nyingi hukatwa kipande kidogo badala yake.)

Wengi hufika wakiwa wamechelewa, kansa tayari inakua. Hali ikizidi, lawama inaangukia sindano. Tafadhali usiupeleke mbele ujumbe huo: anayeuamini atachelewa zaidi, na uvimbe uliopita wiki 3 unahitaji daktari, hata usipouma.