Grace Onyango na maneno ya barazani

Siasa za wanawake zikiguswa kwenye baraza za Mombasa, kahawa tungu mkononi, jina la Grace Onyango, mbunge wa zamani wa Kisumu, halikosi kutajwa. Mengi yasemwayo juu yake yana chembe ya kweli, ila yamevurugwa.

"Ndiye mwanamke wa kwanza kuingia Bungeni." Karibu, lakini sivyo. Jemimah Gecaga aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, enzi za Mwingereza, na Priscilla Abwao akafuata 1961. Onyango ni wa kwanza kuingia kwa kura ya wananchi, Desemba 1969, kwa kiti cha mjini Kisumu.

"Alipewa kiti cha akina mama." Hii ndiyo inayoniudhi, na huku kwetu imeota mizizi kwa kuwa vijana wamekua wakiiona karatasi ya mwakilishi wa wanawake, kiti cha kaunti kinachogombewa na wanawake pekee, kila uchaguzi. Kiti hicho kimeletwa na Katiba ya 2010, kikagombewa mara ya kwanza 2013. Mwaka 1969 mwanamke aliyetaka ubunge alipambana na wanaume debeni, basi. Tena mwaka wenyewe ulikuwa mzito. Julai, waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi. Oktoba, risasi zikaua watu Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani, ikapigwa marufuku na kiongozi wake Oginga Odinga akatiwa kizuizini. Mji ukiwa bado na matanga, wapiga kura wakamchagua huyu mwalimu, wakamrudisha 1974 na 1979. Wanaotaka mfano wa hapa nyumbani wamtazame Mishi Mboko: 2013 alipata kiti cha akina mama, 2017 akagombea ubunge wa Likoni dhidi ya wanaume, akashinda. Njia ya Onyango ni hiyo ya Likoni.

"Aliruka kutoka darasani hadi Bungeni." Kusomesha alisomesha, lakini katikati kuna udiwani, na 1965 akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kushika umeya nchini Kenya. Wanaomwita mwalimu aliyebahatika (na wapo, wazee wazima) huiruka miaka hiyo.

"Aliwahi kuwa waziri." Hakuwahi. Mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili ni Nyiva Mwendwa, 1995, na wakati huo Onyango alikuwa ameshatoka Bungeni zaidi ya miaka kumi.