Ubia wa Ujenzi wa Kimataifa: Asilimia Yako Haikukingi Mbele ya Mwajiri

Malalamiko yanayokifikia kitengo chetu cha mikataba yameongezeka, na mengi yanafanana. Mkandarasi ameingia ubia na kampuni ya nchi nyingine, kazi imekwama, naye anafika na mkataba wa ubia mkononi, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa mgawanyo: "Mimi nina 30 tu. Wabanwe wenye 70."

Uchungu wake tunauelewa, lakini hoja hiyo haina msingi. Asilimia hizo ni namna ya wabia kugawana faida na hasara baina yao, mwajiri, yaani mwenye mradi aliyewapa kazi, hakuzisaini. Kifungu 1.14 cha Kitabu Chekundu, masharti ya mkataba wa ujenzi yanayotolewa na FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 1999 na la 2017, kinawafunga wabia kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mwajiri anaweza kumdai mbia yeyote kazi yote au deni lote. Mwenzako akifilisika, wewe mwenye 30 umebaki na 100. Kumfuata akurudishie ulichomlipia ni shughuli yako, mara nyingi ng'ambo ya mpaka. Mkataba wa New York wa 1958 unasaidia hapo, kwa kuwa zaidi ya nchi 170 zimekubali kutekeleza tuzo za usuluhishi za kigeni, yaani maamuzi ya wasuluhishi nje ya mahakama, ila hausaidii kama mkataba wenu wa ubia hauna kifungu cha usuluhishi. Tumeletewa mikataba ya kurasa mbili isiyotaja hata nani apokee notisi.

Sasa taratibu. Chini ya masharti hayo ya FIDIC, mkishapokea barua ya kukubaliwa zabuni mna siku 28 kuwasilisha dhamana ya utendaji, ahadi ya benki kumlipa mwajiri mkishindwa kazi. Iandikwe kwa jina la ubia au iwataje wabia wote, kama nyaraka za zabuni zinavyoelekeza. Dhamana yenye jina la mbia mmoja huweza kurudishwa. Wabia wengi hutumia siku hizo kuvutana nani aweke mali yake rehani benki, jambo lililopaswa kumalizwa kabla ya kutia bei kwenye zabuni. Siku zikipita, mnaweza kupoteza kazi pamoja na dhamana ya zabuni.

Notisi ya madai, ya kuomba muda au fedha za ziada, nayo ina siku 28, tangu mkandarasi alipojua au alipopaswa kujua tukio lililoleta dai. Hapa mkandarasi ni ubia mzima. Msimamizi wa mbia mdogo akikuta mwamba usiotarajiwa chini ya msingi leo, siku zimeanza kuhesabiwa kwa wote, hata kama makao ya mbia kiongozi yako bara jingine na ripoti bado inatafsiriwa. Mkichelewa, mnaweza kukosa muda wa nyongeza na fedha pia, kisha fidia ya ucheleweshaji ikakatwa kwenye hati zenu za malipo.

Kuna mahali ugomvi huu unaonekana kwa macho. Lori la zege limesimama getini, pipa linazunguka, dereva ameshika hati ya mzigo. Wakaguzi wawili wa ubora, kila mmoja na fomu ya kampuni yake, hawakubaliani kipimo cha ulaini wa zege kiandikwe wapi na nani asaini. Miradi mingi huweka dakika 90 tangu maji yachanganywe. Dakika zikiisha, zege hilo linakataliwa, na hasara ni ya wabia wote. Tatizo hilo watu huliita tofauti za utamaduni. Sisi tunaliita mpango wa ubora ambao haukuandikwa.

Adhabu kubwa zaidi ni kufungiwa, yaani kuzuiwa kupata kazi zinazofadhiliwa na benki za maendeleo. Tangu Aprili 2010, Benki ya Dunia na benki nyingine nne za maendeleo, ikiwemo ya Afrika, zilikubaliana kutambuliana adhabu za kufungia zinazozidi mwaka mmoja. Nyaraka za uongo alizoweka mbia wako kwenye zabuni ya pamoja zinaweza kuifikisha kampuni yako kwenye uchunguzi wa benki hizo. Zikagueni kabla ya kutia saini.

Anayetaka kujitoa pia hawezi kuandika barua kwa mwenzake tu na kuondoka. Muundo wa ubia haubadiliki bila idhini ya mwajiri iliyotangulia, na benki lazima ihusishwe kuhusu dhamana. Mpaka hapo, jina lake limo kwenye mkataba na anadaiwa kama mwanzo.