Usukani Unaocheza: Tafuteni Kwanza Mahali Palipolegea

Tangu mvua zianze Lubumbashi, malalamiko ya aina moja yanazidi kufika kwenye meza ya kituo chetu cha kontrole tekniki, yaani ukaguzi wa magari: mwenye gari amebadilisha rotile zote mbili (viungo vya mviringo kwenye ncha za fimbo za usukani), amemlipa fundi, amerudi kwa ukaguzi wa pili, na gari limekataliwa tena kwa sababu usukani bado unacheza. Baadhi yao huondoka wakiamini kwamba mkaguzi anawatafutia kosa. Mkaguzi anatafuta mahali palipolegea, na mara nyingi hapo sipo pale ambapo fedha zimekwenda.

Tutenganishe kwanza mambo ambayo watu huyachanganya. Gari linalovuta upande mmoja lina shida ya paralelismu (mpangilio wa magurudumu), ya upepo wa matairi au ya breki inayoshika. Usukani unaotetemeka gari likishika kasi, mara nyingi, unadai balansi ya magurudumu. Usukani unaocheza ni ule ambao mkono unauzungusha na magurudumu hayaitiki. Kanuni za ukaguzi za Umoja wa Ulaya zinatoa mfano wa kipimo: ukingo wa usukani usitembee bure zaidi ya moja ya tano ya kipenyo chake, yaani sentimita 7.6 kwa usukani wa sentimita 38. Hicho ni kipimo cha kukataa gari. Gari dogo lenye kremayeri nzima (fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu) huitika mapema zaidi ya hapo, na mwenye gari asisubiri sentimita saba ndipo aende garaji.

Uchunguzi unahitaji watu wawili na robo saa ya subira. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele, injini ikiwaka ikiwa usukani unasaidiwa na mafuta, na breki ya mkono ikiwa imefungwa. Mmoja aketi ndani akiutikisa usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kuuzungusha kwa nguvu. Wa pili afuate njia ya mwendo huo kwa macho na kwa vidole: kardani (kiungo kinachopinda) ya mhimili wa usukani, kremayeri yenyewe, bieleti za ndani (fimbo zinazotoka kwenye kremayeri kwenda magurudumuni), kisha rotile za nje. Sehemu ambayo upande wake mmoja unatembea na wa pili umetulia, hiyo ndiyo iliyokufa. Wengi huzisahau mpira zinazoshikilia kremayeri kwenye fremu; mashimo ya barabarani huzila taratibu, na kremayeri nzima ikaanza kuhama kushoto na kulia ingawa ndani yake haina kasoro. Kwenye gari zito lenye boksi ya usukani (sanduku la meno) badala ya kremayeri, mkono wa kusaidia ulio upande wa pili wa fremu uchunguzwe pia.

Kisha gurudumu liinuliwe kwa kriki (jeki), na gari likae juu ya kitegemeo imara, kwa sababu kriki peke yake imeshaua watu. Mshike gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, mlisukume na kulivuta: mchezo wa hapo unatoka kwenye bieleti au rotile za usukani. Mlishike juu na chini: mchezo wa hapo unatoka kwenye rotile ya mkono wa sispenshoni au kwenye rulma (beringi ya gurudumu). Ili kuzitenganisha, mwenzenu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni rulma.

Hapa nalazimika kusema waziwazi. Kukaza skurubu ya kremayeri au ya boksi si matengenezo ya kila usukani uliolegea. Meno huisha zaidi katikati, kwa kuwa gari hutembea likiwa limenyooka sehemu kubwa ya maisha yake. Fundi akikaza mpaka katikati pashike, usukani utakuwa mzito kwenye kona na hautarudi wenyewe, na mpita njia wa hapa mjini, wa komini ya Kenya au ya Katuba, ndiye atakayeyalipia makosa hayo. Rotile iliyoazimwa kwa jirani kwa ajili ya siku ya ukaguzi ni hatari ileile, na tumeziona.

Anayebadilisha rotile ahesabu mizunguko wakati wa kuifungua ya zamani, aweke mpya kwa idadi hiyohiyo, akaze nati kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, aweke pini mpya, kisha apeleke gari kwenye paralelismu siku hiyohiyo. Mfuko wa mpira uliopasuka ubadilishwe pia, la sivyo vumbi letu jekundu litaimaliza kazi mpya kwa muda mfupi. Gari lililotoka Japani likiwa na usukani upande wa kulia linahitaji kremayeri ya upande huo. Ya gari la kushoto haiingii, hata muuzaji akisema nini.

Gari likikataliwa, karatasi ya mkaguzi hutaja sehemu yenye kasoro. Mpeni fundi karatasi hiyo kabla hajafungua chochote, na mrudi nayo kwenye ukaguzi wa pili pamoja na vipande vya zamani, ili mkaguzi aanzie hapo. Karatasi hiyo ina uzito pia ajali ikitokea. Kifungu cha 52 cha sheria ya adhabu ya Kongo, kitabu cha pili, kinamtia hatiani aliyesababisha madhara kwa kukosa tahadhari ingawa hakukusudia. Mtu akifa, kifungu cha 53 kinaweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Kifungu cha 260 cha sheria ya mikataba na wajibu kinamfanya mtu awajibike kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake, kwa hiyo mwenye gari asitegemee kusema kwamba shofere ndiye aliyekuwa akiendesha. Karatasi ya kukataliwa yenye tarehe ya kabla ya ajali inaonyesha kwamba alikwisha kuonywa.